Viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi ukiwa mkaazi wa Uingereza: niliwahi kurudishwa St Pancras, safari hii sitaki kukosea

BintiPangani

Habari za saa hizi ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, niko kwenye basi hapa Leicester naelekea nyumbani kulala, kwa hiyo mkiona nimeruka neno mnisamehe.

Dada yangu mkubwa anaishi Rotterdam, mwaka wa kumi na sita huu. Binti yake anaolewa. Bwana harusi ni kijana wa Kirundi aliyekulia Brussels, na mimi ndiye mama mdogo. Mnajua wenyewe, kwetu mama mdogo haji harusini siku ya harusi akiwa amebeba mkoba tu kama mgeni mwalikwa. Natakiwa mara mbili. Kwanza siku ya kupokea mahari, hiyo ni Rotterdam, nifike Alhamisi 25 Juni niondoke Jumatatu 29. Halafu nirudi kazini, maana likizo yangu ya mwaka ni siku 28 tu na meneja ameshasema mwezi mzima mfululizo hanipi. Kisha Jumamosi 25 Julai natoka tena: napitia Paris siku mbili na rafiki yangu (nataka kuzunguka Château Rouge kuangalia vitambaa, nisiseme uongo), tarehe 27 nashuka Rotterdam, nikaha ni Ijumaa 31 Julai baada ya swala, walima kesho yake Brussels, na Alhamisi 6 Agosti narudi Leicester.

Kwa hiyo nahitaji kuingia Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mara mbili, na dada ameshaanza kusema "na Desemba pia uje".

Sasa niwaambie kwa nini naogopa. Mwaka 2023 nilipata viza ya Ufaransa. Nikaenda Paris na wenzangu wa kazini, 11 hadi 14 Aprili, ndiyo, katikati ya Ramadhani, tiketi zilikuwa rahisi, Mungu anisamehe. Kwenye stika ya viza nikaona imeandikwa mwisho 29 Aprili. Nikasema kumbe bado ninazo wiki mbili, niende zangu Rotterdam nikale Idd na dada. Nikakata tiketi ya treni ya Eurostar. Nikapika kashata za nazi kopo zima. Tarehe 20 Aprili niko kituo cha St Pancras nimejipanga foleni, nimevaa vizuri.

Polisi wa mpaka wa Ufaransa yuko pale pale London, hamsubiri mpaka mfike kwao. Akafungua pasi, akageuza kurasa mbili, akaweka kidole kwenye stika. Hakusema neno. Kidole chake kilikuwa juu ya "01". Mimi nikamwonyesha 29 Aprili. Yeye akarudisha kidole kwenye 01. Tukaonyeshana vidole hivyo mpaka nikaelewa: ilikuwa ya kuingia mara moja tu.

Walinipeleka chumba cha pembeni, nikasainishwa karatasi, na kwenye pasi wakagonga muhuri wa kuingia, ule wenye kitreni kidogo pembeni, halafu akachukua kalamu nyeusi akaukata msalaba kona hadi kona. Pembeni akaandika herufi C. Sikuonewa, nilikosea mwenyewe. Treni ya Leicester inaondokea kituo kile kile, ghorofa ya juu. Nilipanda na kopo langu, na kashata nilizila mimi na mwanafunzi mmoja wa Kihindi mpaka Kettering.

Tangu siku hiyo sijaomba tena. Pasi ni ile ile, bado ina miaka minne.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Ule msalaba utaniharibia? Niombe kwa Wafaransa walionipa mara ya kwanza, au kwa Waholanzi? Kwenye fomu kuna kuingia mara moja, mara mbili na mara nyingi, niweke alama wapi bila kuonekana nina tamaa? Na je, ya mara nyingi inalipiwa zaidi?


Mzee_wa_Reading

Marahaba binti yangu. Pole kwa kashata.

Mimi ningekuwa wewe ningeomba Ufaransa. Wana alama zako za vidole, wanakujua, na inasemwa hawana ugumu kutoa ya mara nyingi. Weka hoteli ya Paris ya siku kumi, zile za kughairi bure, ukishapata stika ghairi uende zako Uholanzi. Ndani ya Schengen hakuna anayekuuliza. Na usiombe MULT, yaani ya mara nyingi, ni ghali na inawatia shaka. Omba mara mbili.


Mvita_Manchester

Mzee wangu wa Reading, shikamoo, na naomba unisamehe, lakini hapo kwenye hoteli ya kughairi sikubaliani nawe hata kidogo. Nitarudi hapo.

Dadangu BintiPangani, mimi ni mtu wa Mombasa, fundi wa majokofu, niko Manchester tangu 2011 na pasi yangu ni ya Kenya. Shemeji yangu anaishi Málaga, Hispania, na mke wangu hamalizi miezi mitatu bila kutaka kumwona dadake. Kwa hiyo hizi fomu nimezijaza hadi nimechoka nazo. Nitakuandikia kirefu, kunywa chai kwanza.

Tuanze na stika, maana ndiyo iliyokuponza. Pale pana mambo matatu na watu wengi husoma moja. Tarehe za kuanzia na kuishia zakwambia mlango uko wazi lini hadi lini. Nambari ya kuingia, 01, 02 au MULT, yakwambia waweza kuupita mlango huo mara ngapi. Na siku za kukaa zakwambia ukiwa ndani jumla ukae siku ngapi. Yote matatu lazima yakubaliane. Nenda kafungue ile stika yako ya 2023 uangalie siku. Nadhani utakuta 4. Ulikaa 11, 12, 13, 14. Siku ya kuingia yahesabiwa na siku ya kutoka yahesabiwa. Kwa hiyo hata lau ingeandikwa MULT, siku zako zilikuwa zimekwisha. Ile 29 Aprili ilitoka wapi? Ni siku 15 za ziada ambazo kanuni yao huwataka waongeze mwishoni, kwa ajili ya mtu ambaye safari imesogea mbele. 14 ongeza 15 ni 29. Hazikuwa siku za kukaa, zilikuwa nafasi ya kuchelewa.

Msalaba na herufi C: C kwenye ile karatasi uliyosaini maana yake ni hakuwa na viza halali. Basi. Si H, ambayo ni mtu aliyewekwa kwenye orodha ya kukatazwa, wala si D ya viza ya kughushi. Hukupigwa marufuku. Ila usiufiche, upo kwenye pasi na afisa ataufungua kabla hajafungua barua yako. Andika mistari miwili kwenye barua ya maombi: tarehe 20 Aprili 2023 nilifika mpakani na viza ya kuingia mara moja niliyokwisha kuitumia, nilisoma tarehe bila kusoma idadi ya kuingia, nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usijieleze kupita hapo. Na jambo jingine ambalo watu husahau: siku utakapoongeza muda wako wa makazi hapa, fomu ya Uingereza huuliza kama umewahi kukataliwa kuingia mpaka wa nchi yoyote. Jibu lako ni ndiyo. Anayesema hapana hapo ndiye anayeingia matatani, kosa la viza wanaweza kulisamehe, uongo hawausamehi.

Sasa wapi uombe. Hili halina ubishi, limeandikwa. Waomba kwa nchi ambayo ndiyo hasa unakokwenda, kwa hesabu ya siku au kwa sababu ya safari. Na kama una safari mbalimbali ndani ya miezi miwili, wanazijumlisha. Yako ya kwanza yaanza 25 Juni, ya pili yaisha 6 Agosti, kwa hiyo ni ndani ya miezi miwili. Jumlisha: Uholanzi siku tano za Juni, na karibu tisa za Julai na Agosti. Ufaransa mbili, tatu ukihesabu ya kuondoka. Ubelgiji moja au mbili. Na sababu yenyewe, harusi ya mtoto wa dadako, iko Rotterdam. Ni Uholanzi. Kuingia kwanza kwa mlango wa Paris mwezi wa saba si tatizo.

Mzee wangu, ile hoteli ya kughairi. Namjua jamaa, ni rafiki yangu wa kuswali naye. Aliweka hoteli siku kumi katika nchi asiyokwenda. Ubalozi ukapiga simu hotelini wiki moja baadaye, wakaambiwa jina hilo limeshafutwa. Akapewa ile fomu ya kukataliwa yenye visanduku, kimewekwa alama kwenye kile cha kusema maelezo ya safari hayaaminiki. Na rekodi hiyo hukaa kwenye mfumo wao wa viza miaka mitano, kila ubalozi wa Schengen waiona. Alikuwa anaokoa nini? Hata leo hajui.

Ada: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, iwe ya mara moja, mbili au nyingi. Hakuna bei ya MULT. Juu yake kuna ada ya kile kituo kinachopokea maombi, na watakuuzia na vitu vya pembeni, chumba cha kusubiria chenye kahawa, ujumbe wa simu, kunakili karatasi. Si lazima hata kimoja. Mimi huenda na nakala zangu na chupa yangu ya maji.


Mvita_Manchester

Naendelea, mtoto alikuwa ananivuta shati.

Alama uweke wapi. Wewe weka MULT, na si tamaa. Lakini elewa jinsi wanavyotoa. Tangu Februari 2020 kuna utaratibu wa ngazi. Ukiwa umepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili iliyopita, inayofuata ni ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja. Ukiitumia hiyo vizuri, ndani ya miaka miwili waomba tena, yaja ya miaka miwili. Ukiitumia hiyo, ndani ya miaka mitatu, yaja ya miaka mitano. Mimi nilipata tatu za Hispania kati ya 2022 na 2023, nyingine siku nane, nyingine siku kumi na mbili, nikazitumia vizuri zote. Ya mwaka ikatoka Novemba 2023. Januari 2025 nikaomba, nikategemea ya miaka miwili. Ikatoka ya mwaka mmoja na miezi mitano. Nikakasirika, nikafungua pasi kuitazama, kumbe ilikuwa imebaki mwaka na miezi minane. Viza haiwezi kuipita pasi, na wao huacha miezi mitatu ya pasi ibaki mwishoni. Ningefanya pasi mpya kwanza ningekuwa na miezi saba zaidi mkononi. Yako ina miaka minne, uko salama.

Wewe ya 2023 imeshapita miaka miwili, kwenye ngazi uko chini kabisa. Kwa hiyo mwaka mzima kwa haki ya ngazi huna. Lakini ubalozi waweza kukupa MULT fupi kwa sababu umewaonyesha safari mbili zenye tarehe, tiketi na sababu. Wakikupa 02 pia yakutosha kwa harusi. Usiombe MULT kwa kusema "napenda kutembea Ulaya". Sema: naingia 25 Juni, natoka 29, naingia 25 Julai, natoka 6 Agosti, nafanya hivi kwa sababu mwajiri hawezi kuniachia mwezi mzima. Hiyo sentensi ya mwajiri ndiyo itakayokupatia. Meneja wako ameandika? Mwombe aandike zile tarehe zote nne, na kwamba tarehe 7 Agosti una zamu.

Karatasi nyingine utaziona kwenye orodha yao. Nasema tu zile zinazowakwamisha watu. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na iwe nchi zote za Schengen. Kwa MULT bima ya safari ya kwanza yatosha, unasaini kuwa za baadaye utajikatia mwenyewe, lakini mimi ningekata ya safari zote mbili, ni pauni chache. Uthibitisho wa makazi: kadi zetu za zamani zilikwisha mwisho wa 2024, kwa hiyo unaingia kwenye akaunti yako ya serikali, unatoa ile namba ya muda ya kuwaruhusu wahakiki, na unapiga chapa ukurasa wenyewe. Itoe karibu na siku ya miadi, ina mwisho wake. Salari slipu tatu, taarifa ya benki ya miezi mitatu. Alama za vidole zile za 2023 bado ziko, hukaa miezi 59, ila watakutaka ufike mwenyewe tu.

Miadi chukua leo. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, na kwa chini kabisa siku 15 kabla. Wakipokea wana siku 15 za kuamua, na wakitaka kuchunguza waweza kufika 45. Mwezi wa tano London nzima yataka kwenda ufukweni, miadi huwa kama nyama ya Idd, ukichelewa wakuta mifupa.


Nyota_Brussels

Karibu sana kwetu dada. Mimi ni Mrundi, naishi Brussels, na inawezekana hata hiyo walima nimealikwa, huku sisi tunajuana wote.

Kuhusu mwaliko. Dada yako wa Rotterdam asikuandikie barua tu ya "mdogo wangu anakuja". Uholanzi kuna fomu yao ya kukuhakikishia malazi, na kama anataka, ya kukudhamini kwa fedha pia. Anaijaza, halafu anakwenda manispaa ya mji wake kusaini mbele yao, wao ndio wanaithibitisha saini. Bila huo uthibitisho ni karatasi tu. Manispaa nayo ina miadi yake, kwa hiyo aanze wiki hii. Akuwekee na nakala ya kitambulisho chake.

Ukiwa na mshahara wako wa kutosha, mwambie ajaze malazi peke yake. Kudhamini fedha wanataka waone kipato chake, mikataba yake, na anabaki na mzigo. Mama yangu nilimdhamini kwa sababu yeye hana mshahara, lakini wewe unafanya kazi.

Kwa ile siku moja ya Brussels, kadi ya harusi inatosha. Sisi huku nikaha na walima tunaandika kwenye kadi kwa Kifaransa na Kirundi, mwambie bwana harusi aongeze na Kiingereza, afisa asihangaike.


BintiPangani

Jamani. Nimeamka saa nane mchana nimekuta yote haya, nimesoma nimekaa kitandani. Kaka wa Mvita, nimefungua stika. Ni 4. Miaka yote hii nilikuwa naulaumu ule 01 peke yake.

Mzee wangu wa Reading usivunjike moyo, nakushukuru pia.

Nina jambo moja linanitia aibu kidogo. Tuko wanawake kumi tunacheza upatu, pauni 150 kila mwezi. Zamu yangu imeangukia Mei, kwa hiyo zitaingia pauni 1,350 kutoka kwa watu tisa tofauti, siku mbili au tatu. Mshahara wangu ukiuona kwenye taarifa ya benki unaeleweka, halafu ghafla mvua ya majina ya Kiswahili. Si watadhani nimekopa fedha za kuonyesha? Nibadilishane zamu na mtu?


Mvita_Manchester

Usibadilishane, na usione aibu. Mke wangu anacheza mbili.

Afisa hapendi fedha isiyo na mama. Yako ina mama tisa. Kwenye barua weka mistari mitatu: sisi ni watu kumi, kila mmoja hutoa pauni 150 kwa mwezi, mmoja huchukua kwa zamu, yangu ni Mei. Halafu kwenye taarifa ya benki yako ya miezi iliyopita chukua kalamu ya rangi uonyeshe zile 150 zilizokuwa zinatoka kila mwezi. Akiona zinatoka, ataelewa zinaporudi. Ukipata miadi kabla ya Mei basi hata hilo halipo.

Na usijiwekee akilini kuwa ni fedha ya safari. Safari yako ionekane yalipika kwa mshahara.


Mswahili_Muscat

Salaam. Nimepita tu kusoma, mimi niko Muscat, pasi ya Tanzania, mkaazi wa hapa kwa kadi ya kazi. Nilitaka niombe nikiwa likizo Unguja, nikaambiwa unaomba pale unapoishi kihalali, kwa hiyo ikabidi nirudi Muscat niombee huku. Yeyote aliye Ghuba asipoteze nauli kama mimi.

Na hili la ngazi linauma kidogo. Binamu zangu wenye pasi ya Omani, tangu 2024 wanapewa ya miaka mitano hata kama ndiyo mara ya kwanza kuomba. Tunakaa nyumba moja, tunakula sinia moja, tunakwenda ubalozi uleule na gari moja. Mmoja wao akatoka na miaka mitano, mimi na 01 na siku tisa. Tulikwenda Roma pamoja naye. Yeye akatoka akaenda zake Istanbul siku mbili akarudi Roma, mimi nikabaki nalinda mabegi.

Swali langu kwa Mvita: nikitoka Roma kwenda Zurich kisha nirudi Roma, ile 01 inakufa?


Mvita_Manchester

Haifi. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen. Ukiwa ndani, kutoka nchi hadi nchi si kutoka. Kinachoiua ni kupita mpaka wa nje: Uingereza, Ireland, Uturuki, Saiprasi, na hata Moroko ile unayoiona kwa macho ukiwa Tarifa, kule Hispania. Kroatia ilikuwa nje, imeingia Januari 2023. Bulgaria na Romania zimekamilika Januari 2025. Watu bado wana ramani ya zamani kichwani, wakidhani wakienda Bucharest wanazihifadhi siku zao. Sasa zinahesabiwa.

Na ile mihuri yenye vitreni na vindege inaondoka. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kuandikisha kuingia na kutoka kwa picha ya uso na vidole, siku zako zahesabiwa na mashine. Kwa hiyo weka hesabu yako mwenyewe. Mimi nina daftari la shule la mwanangu, kila safari naandika tarehe mbili.


BintiPangani

Ndugu zangu, nimerudi. Mtanisamehe kwa ukimya, ilikuwa wiki za kukimbia.

Nilipata miadi London, asubuhi saa tatu na robo, nikatoka zamu nikapanda treni bila kulala. Dada alikwenda manispaa, fomu ikaja kwa posta imegongwa vizuri. Meneja akaandika tarehe zote nne kama Mvita alivyosema, na kuongeza mwenyewe kuwa mimi ndiye ninayejua dawa za usiku za ghorofa ya pili, sikumwomba. Pale dirishani yule binti alipofika kwenye ukurasa wa msalaba alisimama. Akauliza, hii? Nikamwambia soma barua, aya ya tatu. Akasoma, akacheka kidogo, akaendelea kupanga karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima.

Wao hawaamui chochote, wanapokea tu, nilijua. Siku 13 bahasha ikarudi. Nilikaa nayo mezani kwanza nikaosha vyombo vyote.

Nawasomea kama ilivyo: kuanzia 24 Juni hadi 23 Desemba. Kuingia: MULT. Siku: 30.

Nimelia kidogo. Dada amepiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani yake Mholanzi akagonga mlango. Kwa hiyo Juni naenda, Julai naenda, na Desemba nimeshamwambia nakuja tarehe 15 nakaa naye mpaka Krismasi na mwaka mpya, siku 30 zinatosha kabisa, nimeomba likizo tayari.


Nyota_Brussels

Hongera sana dada! Tarehe 1 Agosti nitakutafuta, nitavaa imvutano ya kijani.


Mvita_Manchester

Hongera dadangu, wallahi nimefurahi. Lakini rudi kwenye stika kabla hujalala.

30 si kwa kila safari. Ni jumla ya safari zote ndani ya zile tarehe. Juni: 25, 26, 27, 28, 29, hizo tano. Julai 25 hadi 31 ni saba, Agosti 1 hadi 6 ni sita, jumla kumi na tatu. Tano na kumi na tatu ni kumi na nane. Zimebaki 12.

Na mlango wafungwa 23 Desemba. Siku hiyo uwe umeshatoka, si uwe kwenye meza ya dadako. Krismasi na mwaka mpya haziko kwenye viza hii. Ukiingia 15 na kutoka 22, ni siku nane, na hapo treni ikigoma bado una siku moja ya kupumua. Mwaka mpya mwambie dada aje Leicester.


BintiPangani

Astaghfirullah. Nilikuwa nakwenda kurudia kosa lile lile, na safari hii ndani kabisa.

Nimehesabu kwa vidole mara mbili, ni 18 kweli. Ratiba ya zamu za Desemba haijabandikwa bado, naenda kubadilisha ombi la likizo leo usiku: 15 hadi 22. Dada nitamwambia kesho, akiwa ameshakula.